Betri zetu nazo zihesabiwe: barua ya wazi kuhusu umeme wa jioni Nairobi

Kwa Waziri wa Kawi na Petroli,
Kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli,
Kwa wakurugenzi wa Kenya Power,
Kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Waheshimiwa,

Kwa heshima zote nawaandikia nikiwa fundi wa sola mwenye leseni ya daraja la T3, ninayefanya kazi katika mitaa ya Nairobi, na ninalo ombi moja kubwa. Naomba betri iliyo nyumbani kwa mwananchi ianze kuhesabiwa kuwa sehemu ya mitambo ya umeme ya nchi hii, na umeme inaoutoa ulipwe kulingana na saa unapotolewa. Kanuni zilizopo zinahesabu yuniti, yaani kilowati-saa moja ya umeme, bila kuuliza imeletwa saa ngapi, ilhali upungufu wa umeme nchini Kenya una saa zake, na saa hizo zinajulikana na kila anayeishi hapa.

Mwaka 2025 Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kuna sehemu za nchi ambazo hulazimika kukatiwa umeme ili sehemu nyingine zipate. Kauli hiyo haikumshangaza fundi yeyote. Mchana tuna mvuke wa Olkaria, tuna mabwawa ya Mto Tana, tuna upepo wa Ziwa Turkana ambako mtambo mmoja una uwezo wa megawati 310, na tuna jua la Garissa na la mapaa ya viwanda. Jua linapozama watu hurudi nyumbani, huwasha taa, hupiga pasi sare za shule, huchemsha maji ya kuoga, na mahitaji hupanda kwa kasi katika saa ileile ambayo sola yote nchini imezima. Hapo ndipo mitambo ya dizeli huwashwa, na ndipo megawati 200 tulizoanza kununua Ethiopia mwaka 2022 zinapokuwa za lazima. Ifikapo saa saba usiku mambo yamegeuka tena: wengi wamelala, na kuna nyakati mvuke ambao ungezalisha umeme huachwa utoke hewani kwa kukosa wa kuutumia. Kwa hiyo nchi hii ina umeme wa kutosha katika saa fulani na umeme haba katika saa nyingine, na chombo cha kuuhamisha kutoka saa moja hadi nyingine ni betri.

Akiba hiyo imekwisha kuanza kujengwa na watu wa kawaida, kwa fedha zao wenyewe. Katika nyumba ya familia kule Ruai au Utawala, kazi ninayopewa mara nyingi ni hii: paneli nne za wati 550 juu ya mabati, inverta moja ukutani (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe kama ule wa Kenya Power), na betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani akiba inayozidi yuniti tano kidogo. Kwa kuwa Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, jua hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, hivyo mwelekeo wa paa hautusumbui sana kama unavyowasumbua mafundi wa Ulaya. Tunainamisha paneli nyuzi kumi au kumi na tano, hasa ili mvua izioshe vumbi. Siku ya Februari yenye jua kali paneli hizo hutoa yuniti tisa au kumi. Siku mbaya ya Julai, mawingu yakikaa juu ya jiji tangu alfajiri hadi jioni, huenda zisitoe hata nusu yake, na mteja ambaye hakuelezwa hivyo mapema ana haki ya kukasirika.

Friji ya kawaida hula yuniti moja hivi kwa siku. Taa, televisheni, ruta ya intaneti na chaji za simu hula moja nyingine au pungufu. Ukiifanya hesabu hiyo utaona kwamba siku nyingi za mwaka, ifikapo saa nane mchana, betri imejaa, na inverta inaanza kuzibana paneli kwa sababu hakuna mahali pa kuupeleka umeme. Nimesimama mbele ya inverta nyingi saa hiyo, nikasoma kwenye kioo kwamba paneli zenye uwezo wa kilowati mbili zinatoa wati 180, kiasi cha friji na ruta basi, huku jua likiwaka juu ya mabati. Umeme huo ungetosha kupiga pasi nyumba tatu za jirani. Hauendi kokote, kwa kuwa mwenye nyumba ameona utaratibu wa kuupeleka kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, ni mrefu na malipo yake ni haba, akaamua bora apoteze.

Kuna jambo lingine ambalo limewavunja moyo wateja wengi, nalo lingefaa kuelezwa na serikali kabla halijaelezwa na fundi baada ya pesa kulipwa. Paneli zilizounganishwa na gridi bila betri huzimika gridi inapozimika. Inverta ya aina hiyo imeundwa ijizime mara moja ikikosa umeme wa gridi, ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo fundi aliye juu ya nguzo anaweza kuwa amezishika akijua hazina kitu. Ni kanuni nzuri ya usalama, nami naiunga mkono bila sharti. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme mchana kweupe, paneli zozote zilizokuwa zimefungwa kwa namna hiyo zilikaa bure juani. Na usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoifunika nchi na jenereta ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikashindwa kubeba mzigo, nyumba zilizoendelea kuwaka taa bila jenereta ni zile zenye betri. Mtu akisema anajitegemea kwa umeme kwa sababu ana paneli, hajajitegemea bado. Kujitegemea huanzia kwenye akiba, na inverta inayoweza kuikata nyumba na gridi kwa usalama ikaendelea kuihudumia.

Sasa niseme juu ya sheria. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilifungua mlango mzuri: inamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuingia mkataba wa kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa dhidi ya umeme anaotumia. Ilitubidi kungoja hadi mwaka 2024 ndipo kanuni za kutekeleza sehemu hiyo zikatoka, na kanuni hizo zikaamua kwamba mwananchi akipeleka yuniti mbili atahesabiwa moja. Nimewasikia mafundi wenzangu wakiuita uamuzi huo unyang'anyi. Siafikiani nao. Nyaya, nguzo, transfoma na watu wanaozihudumia vina gharama, na anayeutumia mtandao huo kama mahali pa kuweka umeme wake wa ziada anapaswa kuuchangia. Saa saba mchana, wakati kila paa linasukuma umeme na mitambo mikubwa haikosi nafasi ya kuongeza, nusu yuniti yaweza kuwa bei ya haki. Kinachonisumbua ni kwamba nusu hiyohiyo ndiyo anayohesabiwa mtu anayeleta umeme saa mbili usiku, wakati ambapo mtaa wa tatu kutoka kwake umekatiwa stima.

Mkulima wa Kitale aliyeweka mahindi ghalani tangu mavuno ya Novemba hauzi gunia mwezi wa Juni kwa bei ya siku ya kuvuna, na hakuna anayemlaumu, kwa maana amebeba gharama ya ghala, ya dawa na ya kungoja. Mwenye betri naye amebeba gharama. Betri ya lithiamu ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote katika nyumba yenye sola, na kila inapojazwa na kumwagwa imepunguza kidogo umri wake, ingawa umri huo ni wa maelfu ya mizunguko ukiilinganisha na betri za asidi ambazo huvumilia mamia. Hakuna atakayekubali kuichakaza kwa ajili ya gridi akilipwa nusu yuniti. Ndiyo maana betri zote nilizofunga jijini humfanyia kazi mwenyewe tu, na gridi haipati kitu, hata jioni ambazo ina njaa.

Wala si kwamba ninyi hamjui thamani ya saa. Tangu Desemba 2017 wateja wakubwa wa viwanda na biashara wamekuwa wakipewa nafuu ya nusu bei kwa umeme wa ziada wanaoutumia usiku wa manane, ili mitambo isikose wanunuzi. Mlikubali wakati ule kwamba yuniti ya saa nane usiku si sawa na yuniti ya mchana. Naomba kanuni hiyohiyo imfikie mwananchi anayeuza, kama ilivyomfikia mwenye kiwanda anayenunua. California nchini Marekani iliwahi kuhesabu yuniti ya mwenye paa karibu sawa kwa sawa. Aprili 2023 ikabadili mpango, ikashusha sana malipo ya mchana na kuacha malipo ya juu kwa jioni za mahitaji makubwa, na tangu hapo sehemu kubwa ya wanaofunga sola huko hufunga betri pamoja nayo. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa kwa sababu malipo ya mchana yalishuka ghafla. Sisi hatuna cha kushusha. Tunaweza kuiacha nusu ya mchana ilivyo, na kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa nne usiku tukaifanya yuniti moja ihesabiwe yuniti moja kamili, au zaidi kidogo pale ambapo mbadala wake ni dizeli.

Tufanye hesabu ndogo. Nyumba 100,000, kila moja ikiwa na betri niliyoitaja hapo juu na kila moja ikipeleka kilowati moja kwa saa mbili za jioni, zitatoa megawati 100 kwa saa hizo mbili, na kila nyumba itabaki na zaidi ya nusu ya akiba yake kwa matumizi yake ya usiku. Megawati 100 ni nusu ya zile tunazonunua Ethiopia. Tena nyumba hizo, kwa kuwa zinajihudumia, hazivuti kitu kutoka kwenye gridi katika saa hizo, na hilo nalo ni nafuu ya pili. Umeme huo utatumika mtaa uleule ulikotoka. Zaidi ya moja kwa tano ya umeme ambao Kenya Power hununua hupotea kabla ya kufika kwenye mita, kwa uchakavu, kwa umbali na kwa wizi; yuniti inayotoka Umoja ikatumika Umoja haina safari ndefu ya kupotelea.

Najua hofu iliyo upande wa pili, na ni hofu ya kweli. Kenya Power imefungwa na mikataba inayoilazimu kulipia uwezo wa mitambo hata umeme wake usipotumika, na mwaka 2021 jopokazi la Rais liliichunguza mikataba hiyo na kuonyesha uzito wake. Wateja wakubwa wakiondoka, mzigo huo hugawanywa kwa wanaobaki, na wa mwisho kubaki ni yule anayenunua tokeni ya shilingi mia, ambaye bei ya chini aliyokuwa akiipata hadi yuniti 100 kwa mwezi iliwekewa mpaka wa yuniti 30 mwaka 2023. Simtakii mtu huyo mzigo zaidi. Lakini wenye uwezo hawakungoja kanuni. Ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri zilifunga kilowati 515 mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Strathmore kikafunga 600 mwaka 2014. Jengo la Garden City kwenye barabara ya Thika likafunga 858 juu ya maegesho yake mwaka 2015. Na viwanda vikafuata kimoja baada ya kingine. Kuwalipa nusu hakukuwazuia. Kunachofanya ni kuwasukuma wale wanaofuata, watu wa kipato cha kati, wanunue betri ya pili na ya tatu, kisha siku moja waiage mita kabisa. Nimeanza kuombwa kazi za aina hiyo, na kila ninapoifanya najua nimeipunguzia gridi mteja anayelipa vizuri na kuinyima betri ambayo ingeisaidia jioni. Mtu anayelipwa kwa haki saa mbili usiku ana sababu ya kubaki ameunganishwa, na ana sababu ya kulipa ada ya nyaya kila mwezi bila manung'uniko. Iwekeni ada hiyo wazi, iwe ya kiasi, mtu aione kwenye risiti.

Nimezungumza juu ya wenye nyumba zao. Nairobi, hata hivyo, ni jiji la wapangaji. Anayeishi ghorofa ya tatu katika fleti za Pipeline, ambako majengo yamesongamana hadi taa ya ngazi huwashwa mchana, hana paa, hana ukuta unaopata jua, na mara nyingi hana hata mita yake mwenyewe, kwa kuwa mwenye ploti ndiye aliyesajiliwa na wapangaji hununua kutoka kwake kupitia mita ndogo. Juu ya jengo hilo kuna paa la zege lenye matangi ya maji, kamba za nguo, na nafasi tupu ya kuweka paneli ishirini. Hakuna sheria inayomwambia mwenye ploti alitumieje paa hilo, na hakuna utaratibu unaowaruhusu wapangaji thelathini kuchanga, kufunga mtambo mmoja, na kila mmoja akaona fungu lake kwenye tokeni zake.

Niliwahi kuitwa katika zahanati ndogo ya Eastlands, iliyo chini ya jengo la kupanga. Friji ya chanjo lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, na muuguzi alikuwa amebandika karatasi juu ya mlango wa friji ya kuandika joto la asubuhi na la jioni, kwa mwandiko safi, pamoja na saa ambazo umeme ulipotea. Walitaka paneli sita juu ya paa na betri moja ndani. Mwenye jengo alikataa, bila sababu yoyote ya kiufundi, na hakulazimika kutoa sababu. Wakanunua jenereta ya petroli, wakaifunga kwa mnyororo kwenye grili ya mlango, na moshi wake ukawa unaingia chumba cha kungojea ambako akina mama huketi na watoto wachanga. Nilirudi nyumbani nimeudhika, na bado naudhika nikiikumbuka karatasi ile.

Ujerumani, ambako pia watu wengi hupanga, imeruhusu vimitambo vidogo vya kuning'iniza kwenye roshani, na tangu Mei 2024 inverta yake yaweza kutoa hadi wati 800. Oktoba mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili mwenye nyumba asiweze kumkataza mpangaji bila sababu ya msingi. Roshani zetu ni nyembamba na nyingi zinatazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo njia yetu ni paa la pamoja. Hapa ndipo ninaiomba Kaunti ya Jiji ishike usukani. Kila ramani ya jengo la ghorofa inayoletwa kuidhinishwa ionyeshe sehemu ya paa iliyotengewa sola, uzito ambao paa limepimiwa, na bomba la nyaya kutoka paa hadi chumba cha mita. Kupitisha nyaya katika jengo lililokwisha kujengwa ni kazi ya kutoboa zege ghorofa kwa ghorofa. Kuacha bomba wakati wa kujenga ni gharama ndogo mno. Nayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi iruhusu umeme wa paa moja ugawanywe kwenye mita nyingi za jengo lilelile, na iseme bayana kwamba mwenye nyumba hawezi kuinyima zahanati, shule au mpangaji yeyote sola bila kueleza kwa maandishi hatari iliyopo.

Hatari zipo, nami sitazificha. Sehemu ya kazi yangu siku hizi ni kurekebisha kazi za wengine, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni breka, ile swichi inayokata umeme yenyewe kukiwa na hitilafu. Umeme unaotoka kwenye paneli na kwenye betri ni wa DC, unaotiririka upande mmoja bila kupumzika, tofauti na ule wa gridi ambao hugeuka upande mara mia kwa sekunde na hivyo kujizima wenyewe cheche inapotokea. Breka iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi ikifungwa upande wa DC, siku inapolazimika kukata, cheche haikatiki: inaendelea kuwaka ndani ya kile kisanduku, plastiki inayeyuka, na moto unapata njia. Nimezitoa breka za namna hiyo zikiwa nyeusi upande mmoja, zimegandamana na waya, katika nyumba ambazo watoto walikuwa wakilala chumba cha pili. Breka sahihi hupatikana, na bei yake si kubwa sana kuizidi ile nyingine, lakini madukani katikati ya jiji zimepangwa rafu moja na zisizofaa, na nyingine zina chapa ya DC iliyobandikwa juu ya kitu ambacho si cha DC. Ninaliomba Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa likague rafu hizo bila kutoa taarifa, na Mamlaka itembelee majengo yaliyokwisha kufungwa sola, hata machache kila mwezi, maana leseni zetu mafundi hazina uzito ikiwa hakuna anayekuja kuangalia tulichokifanya. Wazimamoto wa kaunti nao wajue mapema jengo gani lina betri, iko ghorofa gani, na swichi ya kuikata iko wapi. Paneli huendelea kutoa umeme maadamu kuna jua, hata Kenya Power ikikata laini ya jengo zima.

Jambo la betri kuukuu silitaji kwa haraka, kwa kuwa nchi hii imelilipia kwa maisha ya watu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za asidi ili kupata madini ya risasi kiliwatia sumu wakazi, watoto miongoni mwao. Mama Phyllis Omido, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano kwa miaka mingi. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha baada ya Mahakama ya Rufaa kuibatilisha. Betri za asidi bado ni nyingi katika sola za Nairobi, kwa sababu ndizo rahisi kununua, na zikifa huchukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu bila mtu kuuliza zinakwenda kuyeyushwa wapi. Za lithiamu zitaanza kufa kwa wingi miaka inayokuja. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaweka wajibu kwa mwenye kuleta bidhaa sokoni hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo. Basi mwagizaji wa betri asipewe kibali mpaka aonyeshe mahali anapozipokea zikichakaa, hapa Nairobi, penye anwani, na bei atakayomlipa anayezirudisha. Singependa umeme safi wa mtaa mmoja uwe sumu ya mtaa mwingine.

Kuhusu ushuru nitasema machache. Mwaka 2020 msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola uliondolewa, na mwaka 2021 ukarudishwa. Katika kipindi hicho wateja walisimamisha kazi wakingoja, na kila Mswada wa Fedha unapokaribia sasa wanasimama tena. Betri ni kifaa cha kutumika miaka kumi au zaidi. Mwekeeni mtu uamuzi wa kodi ambao utadumu angalau nusu ya muda huo.

Namna ya kuanza haihitaji kungoja sheria mpya. Mamlaka ina uwezo wa kupendekeza marekebisho ya kanuni za mwaka 2024, na Katiba inadai wananchi washirikishwe kabla hayajapitishwa. Ninaomba vikao hivyo visifanywe hotelini siku ya kazi asubuhi pekee. Vifanywe Jumamosi, katika ukumbi wa kijamii Eastlands, na kimoja Kasarani na kingine Dagoretti, kwa lugha ambayo mwenye ploti na mpangaji wake watafuata bila mkalimani. Kabla ya hapo chagueni feda moja, yaani laini moja ya kusambaza umeme mitaani, ya Nairobi ambayo mnajua huzidiwa jioni, mwape wenye betri waliounganishwa nayo mita zinazosoma pande zote mbili, na mwahesabie yuniti ya jioni kwa ukamilifu kwa mwaka mmoja, mvua zote mbili na kiangazi chake, pamoja na mawingu ya Julai.

Kwa takwimu hamtakosa mahali pa kuanzia. Inverta za kisasa huweka kumbukumbu kila baada ya dakika chache: paneli zimetoa kiasi gani, betri imejaa kiasi gani, gridi imepotea saa ngapi na ikarudi saa ngapi. Wateja wangu kadhaa, wa mitaa mbalimbali, wamekubali kumbukumbu zao zitolewe bila majina wala namba za nyumba. Naweza kuzileta ofisini kwenu siku yoyote mtakayonitajia, na ninajua mafundi wengine ambao wako tayari kufanya hivyo.

Wenu mwaminifu,

Fundi wa sola mwenye leseni,
Kasarani, Nairobi